Mtengeneza bia aliyejiita Mwanafunzi

Nilipotea kidogo, mambo ya kutafuta riziki. Leo narudi na habari ya mtu aliyekufa mwaka 1937, ila kwanza niwaambie nilimfikiaje, maana sikumtafuta mimi. Sukari ndiyo iliyonipeleka kwake.

Mama yangu ana genge na kaduka kadogo huku Terrat, barabara ya vumbi ile ile mnayoijua, Meru unauona vizuri asubuhi kabla ya mawingu. Kuna jamaa anamletea sukari ambayo tayari imefungwa kwenye pakiti za nusu kilo. Anamletea kwa mali kauli, yaani mama anauza kwanza, analipa baadaye. Siku moja mteja akalalamika kwamba pakiti ni nyepesi. Mama akakasirika, mteja akakasirika, mimi nikajitia mjuaji. Nikaenda kwa dada mmoja wa mtaani anayeoka keki za sherehe, nikaazima mizani yake ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Nikapima pakiti 4. Zikatoka gramu 492, 501, 488 na 497. Wastani wake ni 494.5.

Nikasema tumempata mwizi! Nikataka kumpigia simu jamaa hapo hapo.

Mama akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Pakiti moja ina gramu 501, sasa hiyo nayo kaiba? Na kama ningeokota pakiti nyingine nne, si ningepata namba nyingine? Halafu akanikumbusha kwamba huyo jamaa ndiye aliyetukopesha mzigo mwezi ambao tulikuwa hatuna kitu kabisa. Ukimwita mtu mwizi halafu ikawa si kweli, hilo neno halirudi mdomoni.

Ndipo nikaenda kafe. Kidato cha nne tulisoma takwimu, kutafuta wastani, kuchora chati, basi. Hakuna aliyetuambia ufanye nini mtu anapodai kwamba wastani ni 500 na wewe una vipimo vinne tu mkononi. Nikasoma saa nzima, hela ikaisha, nikaongeza. Na kila ukurasa niliofungua ulinirudisha kwa mtu mmoja, Mwingereza aliyefanya kazi kiwandani, kiwanda chenyewe cha bia. Mimi bia sinywi, lakini huyu mzee amenifundisha jambo, kwa hiyo hata wewe usiyekunywa usikimbie.

Anaitwa William Sealy Gosset. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1876 mjini Canterbury, Uingereza. Baba yake alikuwa kanali wa kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kijana naye alitaka kufuata njia hiyo hiyo, ila macho yake yalikuwa mabovu. Jeshi likawa ndoto iliyokufa. Akasoma shule ya Winchester, kisha chuo cha New College, Oxford. Pale akafaulu daraja la kwanza katika hisabati mwaka 1897, akafaulu tena daraja la kwanza katika kemia mwaka 1899. Kumbuka huo mchanganyiko, kemia na hisabati, maana ndio uliomfanya awe yeye.

Mwaka huo huo wa 1899 akaajiriwa na Guinness, Dublin, Ireland. Ndiyo, Guinness hiyo hiyo ya chupa nyeusi mnayoiona kwenye grosari. Wakati ule kilikuwa kiwanda cha bia kikubwa kuliko vyote duniani, na wakubwa wake walikuwa wameanza kuajiri vijana wenye digrii kutoka Oxford na Cambridge. Walikuwa wamechoka kubahatisha. Zamani mtu mzoefu ndiye alikuwa anaangalia shayiri kwa jicho, ananusa, anashika, halafu anasema hii nzuri, hii mbaya. Hiyo inawezekana kama pombe yako ni ya mtaa mmoja. Wale wanaotengeneza mbege wanajua, bibi akishika kimea cha ulezi anakuambia kimeiva au bado. Lakini ukiwa unanunua shayiri kwa maelfu ya tani, bibi mmoja hatoshi!

Sasa angalia tatizo lake. Kimea kinatoa sukari, na kiwanda kilikuwa na kiwango chake cha sukari walichotaka kipatikane, nyuzi 133 kwa vipimo vyao. Ikizidi au ikipungua sana, bia inabadilika ladha, nguvu inabadilika, na hata kodi inavurugika. Kwa hiyo ukiletewa kimea unachukua sampuli, unapima maabara. Kipimo kimoja hakitoshi kwa sababu kila ukipima namba inacheza kidogo. Lakini kila kipimo kinakula muda na hela. Upime mara ngapi ndipo useme hapa sasa ninaamini?

Gosset aliandika ripoti ya ndani ya kiwanda mwaka 1904 kuhusu swali hilo hilo. Akahesabu uwezekano wa jibu lako kuwa ndani ya nusu nyuzi ya ukweli. Ukipima mara 2, nafasi ni 4 kwa 1. Ukipima mara 3, ni 7 kwa 1. Mara 4, ni 12 kwa 1. Mara 5, ni 19 kwa 1. Yaani alikuwa anawaambia wakubwa wake, nyie semeni mnataka uhakika kiasi gani, mimi nitawaambia utawagharimu vipimo vingapi. Mimi nilipofika hapo nikakaa wima kwenye kiti. Hiyo si hesabu ya ubaoni tena, hiyo ni biashara.

Ila alijua kwamba msingi wa hesabu zake una ufa. Vitabu vya wakati ule vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya sampuli kubwa, mamia au maelfu. Ukiwa na vipimo 1000 kila kitu kinakwenda sawa. Ukiwa navyo 4, vitabu vilikuwa kimya, au vilikuambia utumie hesabu ile ile tu na Mungu akusaidie.

Mwezi Julai 1905 akapanda baiskeli kwenda kumuona Karl Pearson, profesa wa London, ambaye kwa takwimu alikuwa ndiye mkubwa wao enzi hizo. Pearson alikuwa likizoni kijijini. Wakaongea, na inaonekana walielewana, kwa sababu mwaka 1906 Guinness wakampa Gosset ruhusa ya kwenda kusoma kwa Pearson pale University College, London, karibu mwaka mzima. Mwaka huo huo wa 1906 akamuoa Marjory Surtees Phillpotts, wakaja kupata watoto watatu.

Kichekesho ni kwamba Pearson mwenyewe hakuona kwa nini mtu asumbuke na sampuli ndogo. Yeye alikuwa na data za watu maelfu, unahangaika na vinne vya nini? Lakini Pearson hakuwa na duka, samahani, hakuwa na kiwanda. Ukiwa na kiwanda, na shamba la majaribio linalovunwa mara moja kwa mwaka, huna maelfu. Unazo 4, labda 10 ukibahatika.

Sasa sikilizeni alivyofanya, hapa ndipo nilipompenda. Hakukuwa na kompyuta. Alipata orodha iliyochapishwa zamani kidogo ya vipimo vya wahalifu 3000 wa Uingereza, urefu wa kimo chao na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto (polisi enzi zile walikuwa wanapima vitu kama hivyo ili kuwatambua watu). Akaandika kila mmoja kwenye kipande cha karatasi ngumu. Vipande 3000! Akavichanganya kama karata, akavigawa makundi ya wanne wanne. Makundi 750. Kila kundi akatafuta wastani na mtawanyiko wake, akaona unapishana na wastani halisi wa wote 3000 kwa kiasi gani. Yaani alikaa akafanya kwa mkono kitu ambacho leo simu yako inafanya kabla hujapepesa.

Alichokiona ni hiki. Unapokuwa na vipimo vinne tu, hujui vitu viwili kwa wakati mmoja. Hujui wastani wa kweli, na pia hujui vitu hivyo vimetawanyika kiasi gani. Unaukadiria mtawanyiko kwa kutumia vinne hivyo hivyo. Sasa kuna siku hivyo vinne vinatokea kufanana kwa bahati tu, unadhani bidhaa yote inafanana, unajiamini kupita kiasi, unamshtaki mtu. Ile kengele ya vitabuni, mchoro ule wenye tumbo katikati na mikia pembeni, kwa sampuli ndogo mikia yake inatakiwa iwe minene zaidi. Maajabu yanatokea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Akatafuta mchoro wa hiyo kengele yenye mikia minene, akaandika na jedwali lake. Hisabati yenyewe, sehemu moja aliibahatisha! Aliona umbo linafanana na umbo fulani linalojulikana, akasema litakuwa ndilo, na kweli likawa ndilo. Zile karata za wahalifu zilimsaidia kuhakikisha. Hakuwa bingwa wa hisabati ngumu na hakujificha kuhusu hilo.

Kazi hiyo ilitoka mwezi Machi 1908 katika jarida la Biometrika. Ukiitafuta jina la Gosset hulioni. Kiwanda kilikuwa na sheria kali kwa sababu kuna mfanyakazi aliyewahi kuchapisha mambo yakatoa siri za utengenezaji. Ukitaka kuchapisha, jina lako lisionekane, wala kiwanda kisitajwe. Kwa hiyo akatumia jina la Student, yaani Mwanafunzi. Inasemekana alilitoa kwenye jalada la daftari lake. Mwenzake mmoja pale kiwandani alikuja kujiita Sophister, mwingine Mathetes, ambalo kwa Kigiriki ni mwanafunzi vile vile. Hebu fikiria, mtu anafanya jambo ambalo litafundishwa dunia nzima na jina lake halipo. Hapa kwetu mtu akifungua kisima anataka bango.

Ndani ya kazi hiyo kuna mfano mmoja wa wagonjwa 10 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kalamazoo, Michigan, Marekani. Walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, ikaandikwa kila mmoja amezidisha kulala saa ngapi. Dawa ya kwanza iliwaongezea wastani wa saa 0.75, dakika 45. Ya pili saa 2.33, kama saa mbili na dakika ishirini. Swali ni lile lile la sukari yetu. Je, hiyo dawa ya kwanza inafanya kazi kweli, au ongezeko lake la kweli ni sifuri na hizo dakika 45 ni bahati? Ukiangalia mmoja mmoja, wengine walilala pungufu! Gosset akahesabu, kwa dawa ya kwanza nafasi ni kama 8 kwa 1 kwamba inasaidia, si mbaya ila mtu makini haapi. Kwamba ya pili ni bora kuliko ya kwanza, nafasi ni kama 666 kwa 1. Hapo unaweza kuapa. (Baadaye watu waligundua kwamba alichanganya majina ya dawa zenyewe. Hesabu iko sawa, lebo zimekosewa. Hata yeye!)

Basi nikarudi kwenye pakiti zangu nne. Twende pamoja, usiogope, ni kuzidisha na kugawanya tu.

Dai la jamaa ni kwamba wastani wa pakiti zake ni gramu 500. Hilo dai ndilo nadharia tete, unalishikilia kama kweli mpaka ushahidi ukushinde. Kama mahakamani, mtuhumiwa hana hatia kwanza. Wastani wangu ni 494.5, pungufu gramu 5.5. Mtawanyiko wa pakiti zangu, ule mchepuko sanifu, unakuja kama 5.69. Ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 4, yaani 2, unapata 2.84. Huo ndio mtikisiko wa kawaida wa wastani wa pakiti nne. Sasa 5.5 gawanya kwa 2.84 ni kama 1.93. Yaani wastani wangu uko umbali wa mitikisiko 1.93 chini ya dai.

Hapo ndipo penye kisa. Ukitumia kengele ya zamani ya sampuli kubwa, na umekubali kumwonea mtu asiye na hatia mara 5 kati ya 100, mpaka wako ni 1.645. 1.93 imevuka, mpigie simu mwizi. Ukitumia jedwali la Mwanafunzi kwa vipimo vinne, mpaka ni 2.353. 1.93 haijafika. Huna kesi!!

Nilikaa kimya pale kafe. Kumbe tofauti ya mimi kumtukana mtu aliyetukopesha na mimi kunyamaza ilikuwa jedwali la mwaka 1908.

Turudi kwa mzee. Baada ya 1908 watu hawakushtuka sana. Mwaka 1912 kijana mmoja wa Cambridge, Ronald Fisher, akamwandikia barua akiwa na uthibitisho kamili wa hisabati ya ile kengele. Gosset alishindwa kuifuata hesabu yake, akaituma kwa Pearson aiangalie. Fisher alikuja kuwa jina kubwa, na ni yeye aliyemsukuma Gosset miaka ya 1920 warekebishe jedwali na kulipanua, wakaanza kutumia ile herufi t inayotumika mpaka leo. Kitabu cha Fisher cha mwaka 1925 ndicho kilichopeleka jaribio la t kila shamba na kila maabara.

Fisher na Pearson walichukiana kama paka na panya, sitanii. Ukiwa rafiki wa mmoja, mwingine anakuangalia vibaya. Gosset alibaki rafiki wa wote wawili mpaka mwisho. Sijui wangapi kati yetu tunaweza.

Na aliachana na Fisher kwenye jambo moja ambalo mimi naona Gosset ndiye mwenye haki. Ule mpaka wa 5 kati ya 100 Fisher ndiye aliyeufanya uwe maarufu, watu wakaushika kama amri kumi. Gosset, kwa kuwa alikuwa mtu wa kiwanda, aliona mpaka unategemea ukikosea utapata hasara gani na ukipatia utapata faida gani. Aligusia hilo mapema kabisa, tangu anaongea na Pearson mwaka 1905. Mwaka 1926 tena akamwandikia Egon Pearson, mtoto wa Karl, kwamba hata matokeo yawe ya ajabu namna gani, huliachi dai la kwanza mpaka uwe na dai lingine linaloyaeleza vizuri zaidi. Kutokana na wazo hilo Egon pamoja na Jerzy Neyman, raia wa Poland, wakajenga utaratibu wa madai mawili yanayoshindana, ndio ule unaofundishwa vyuoni sasa. Kwa hiyo ukikutana na jaribio la nadharia tete popote, mkono wa mtengeneza bia upo mara mbili.

Kazi yake ya kila siku wakati huo wote ilikuwa shayiri. Majaribio ya mbegu, Ireland, na wizara ya kilimo ya kule. Wenzetu wanaolima shayiri Monduli na West Kilimanjaro wanaelewa, mbegu inaweza kung'ara shamba moja na kuaibisha shamba la pili. Kuna kisa kimoja nakipenda. Wataalamu walileta mbegu mpya, wilaya moja wakulima wakaikataa, wakasema mbegu yao ya asili ni bora. Wataalamu wakaamua kuwaonyesha kwa majaribio kwamba wamekosea. Majaribio yakaonyesha wakulima ndio waliokuwa sahihi! Shayiri yao ilikuwa inakua haraka mwanzoni, inafunika magugu kabla hayajaamka, wakati ile mbegu mpya ilikuwa inalemewa nayo.

Halafu maziwa. Mwaka 1930 kule Lanarkshire, Scotland, walifanya jaribio kubwa ajabu. Watoto 20,000 wa shule. 10,000 wakapewa maziwa kila siku, karibu nusu lita, kwa miezi minne, na 10,000 hawakupewa. Wakapimwa uzito na urefu mwanzo na mwisho. Ukisikia 20,000 unasema hapa hakuna ubishi. Mwaka 1931 Mwanafunzi akaandika makala akalibomoa kwa upole. Waalimu walikuwa wameruhusiwa kubadilisha watoto pale walipoona kundi moja lina wadhaifu wengi, na mwalimu ni binadamu, akiona mtoto wa maskini mwenye njaa anamsogeza kwenye maziwa. Nani angemlaumu? Mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini matokeo yake watoto wasio na maziwa walianza jaribio wakiwa wazito na warefu kuliko wenzao. Isitoshe, walipimwa wakiwa na nguo zao. Februari baridi kali, mtoto mwenye uwezo amevaa koti zito. Juni joto, amelivua. Maskini alikuwa na nguo zile zile nyepesi Februari na Juni. Kwa hiyo wenye uwezo wakaonekana wamekua kidogo, kumbe ni koti! Gosset akasema wangetumia mapacha wanaofanana, jozi 50 tu, mmoja anywe mwingine asinywe, wangepata jibu la kuaminika kama lile la maelfu, kwa hela kidogo sana.

Nilipoisoma hiyo nikakumbuka mizani yangu ya kuazima. Nimejuaje kwamba inasoma sawa? Na karatasi ya pakiti je, nayo ina uzito? Ntarudi hapo.

Nje ya kazi alikuwa mtu wa mikono. Alivua samaki, alilima bustani ya matunda, aliunda mashua mwenyewe, moja akaiwekea usukani mbele na nyuma ili imfae akiwa anavua. Mwaka 1934 akagonga nguzo ya taa na gari lake, akavunjika mfupa wa nyonga. Miezi mitatu amelala chali, na kazi aliyoifanya kitandani ni takwimu. Mwaka 1935 Guinness wakamhamishia London kusimamia kiwanda kipya cha Park Royal, na 1937 akapandishwa kuwa mkuu wa utengenezaji wa kampuni nzima. Hakukaa muda kwenye kiti hicho. Tarehe 16 Oktoba 1937 moyo ukamsimama, Beaconsfield, akiwa na miaka 61. Makala zake karibu zote zinabeba jina la Mwanafunzi mpaka leo. Na kanuni za kimataifa za kukagua bidhaa zilizofungashwa, kama sukari, unga na saruji, zinaangalia wastani wa sampuli kwa kutumia namba yake ile ile ya t.

Haya, sukari.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya. Kwanza nikaenda duka la jirani mwenye mizani ya mawe, nikaomba jiwe la nusu kilo lenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, nikaliweka kwenye mizani ya dada wa keki. Ikasoma 500. Sawa. Pakiti tupu ikasoma gramu 1, nikaona inamsaidia muuzaji zaidi, nikaiacha bila kuitoa. Kisha nikaongeza pakiti 6 juu ya zile 4, nikazichota kutoka pande zote za boksi badala ya zile za juu tu. Zikatoka 503, 490, 495, 486, 499 na 489. Jumla pakiti 10.

Wastani 494. Mchepuko sanifu kama 5.87. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata 1.86. Pungufu ni gramu 6, kwa hiyo t ni kama 3.2. Mpaka wa pakiti 10 ni 1.833. Tumeuvuka mbali. Kama kweli wastani wake ungekuwa 500, kupata upungufu kama huu au zaidi kungetokea kama mara 5 tu kati ya 1000. Dai la 500 nimeliacha. Na jedwali la kwanza la Mwanafunzi, lile la 1908, lilianzia sampuli ya 4 likaishia 10, kama vile lilikuwa linanisubiri mimi.

Nikamwambia mama. Yeye hakuuliza habari za t. Aliuliza, hiyo gramu 6 ni hela ngapi? Tunauza kama pakiti 40 kwa wiki, kwa hiyo gramu 240, karibu nusu ya pakiti moja. Akafikiri. Akasema hilo si la kumwita mtu mwizi wala la kukosana, ila ni la kusema, kwa sababu mteja akishatudharau hatarudi.

Jamaa alipokuja na mzigo mama akamkaribisha chai kwanza, ndipo akamwambia. Hakukataa wala hakukasirika, alishangaa. Kumbe anapimia mizani ya kuning'iniza, ya springi, na mshale wake ukiwa hauna kitu haukai kwenye sifuri, umesogea mbele kidogo, yeye alishazoea kuuona hivyo. Wiki iliyofuata nikapima 10 nyingine za mzigo mpya. Wastani ukatoka 499.2, t ndogo hata 1 haifiki. Sina neno.

Mizani ya dada wa keki nimeirudisha na kilo ya sukari juu yake. Kilo yenyewe, niliipima. Kama kuna mdau ana kitu cha wastani kinachomkera mtaani kwake, dumu la mafuta ya taa, mzigo wa mkaa, chochote, aweke vipimo vyake kwenye maoni hapo chini, visipungue vinne, nitamkokotolea.